Mkono wa Mzee Elinami

Sajili ya Maji haikuwahi kumuuliza mtu jina lake. Uliweka vidole juu ya kioo, na kabla hujaviondoa ilikuwa imeshajua wewe ni nani, zamu yako ni saa ngapi na unaruhusiwa kufungua lango lipi. Vijana iliwaandikia habari, wazee iliwaamkia shikamoo. Watu elfu kumi na moja na mia nne wa milima ya Upare waligawana maji kwa njia hiyo kwa miaka kumi na moja. Sehemu ya utambuzi niliibuni mimi, na ndiyo sababu hati ililetwa kwangu nitie saini.

Hati ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, lango la saba la Ndiva ya Kitieni, bwawa la kumwagilia la kijiji, lilifunguliwa na Elinami Mgonja, mgawa maji, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja. Kwamba Sajili ilimtambua kwa uhakika wa asilimia tisini na tisa nukta tisa saba. Kwamba siku hiyo ilikuwa ya msaragambo, na watu kumi na tisa walikuwa ndani ya mfereji wakizoa tope kwa kazi ya pamoja. Mstari wa nne ulikuwa na jina la aliyekufa: Kirango Mshana, miaka thelathini na mitatu.

"Tia saini tu, Koku," mkurugenzi wangu, Bwana Mbazi, aliniambia kwenye simu. "Baraza la Maji linakaa Alhamisi. Wanataka neno la mhandisi, basi."

"Nani amepima hiyo asilimia?"

"Sajili yenyewe."

"Sijawahi kutia saini kipimo kilichojipima chenyewe."

"Na hujawahi kupandishwa cheo. Unaona uhusiano?"

Nilimwambia nitakuwa Kitieni Jumanne mchana.

Njiani niliisoma tena Kanuni ya Kumi na Mbili, ingawa niliijua. Anayefungua lango akijua kuna watu mferejini hupelekwa mahakamani, na nyumba yake hukatwa zamu kwa miaka thelathini. Kitieni ni kijiji cha tangawizi. Nyumba isiyo na zamu haina tangawizi, na isiyo na tangawizi huhama. Mstari wa kwanza wa ile hati ulikuwa unatosha kuiondoa nyumba ya Mgonja mlimani.

*

Mzee Elinami alikuwa amekaa barazani kwake, koti limefungwa vifungo vyote, kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Kokuteta, mhandisi wa Sajili."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kile kioo?"

"Ndiyo, mzee."

"Kioo chako kimekula yamini ya uongo. Jumamosi nilikuwa hapa hapa, kwenye kiti hiki. Sikugusa kitu." Kisha akapaza sauti kuelekea ndani. "Nakijwa! Chai ya mgeni."

Alitoka mwanamke wa miaka kama arobaini, na sinia lenye birika na vikombe viwili. Alinikaribisha kwa sauti ya chini, bila kuniangalia usoni. Huyu alikuwa binti yake wa mwisho, aliyerudi nyumbani na watoto watatu baada ya kufiwa na mume.

Mzee alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto. Hilo lilinishangaza, maana wazee wa huku hawapokei kitu kwa kushoto mbele ya mgeni. Mkono wa kulia ulibaki mapajani. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimejikunja kuelekea kiganjani, na havikujinyoosha hata alipojaribu kufukuza nzi.

"Mkono huo unakusumbua, mzee?"

"Huu? Ulilala miaka saba iliyopita, upande mzima. Ukaamka nusu."

Kumbukumbu ya Jumamosi nilikuwa nayo kichwani. Miguso minne, shahada na kidole cha kati vya mkono wa kulia, shinikizo sawa kwa vyote viwili. Vidole vilivyofungua lango la saba vilikuwa vimenyooka.

"Tangu ulale, mzee, unagusaje kioo?"

"Nabebewa mkono."

"Na nani?"

Nakijwa alikuwa anamimina kikombe changu. Chai ilikoma katikati. Mzee hakumtazama, akaweka kikombe chake chini.

"Mhandisi, umetoka mbali, sitaki kukuchosha. Andika kwamba nilifungua mimi."

"Sasa hivi umesema hukugusa kitu."

"Wazee husahau."

"Hukusahau mwaka ulipolala mkono."

"Wewe una baba?"

"Amefariki."

"Basi hakumaliza kukulea. Mtu haji kwa mzee kumbishia akiwa na chai yake mkononi."

"Baba yangu alikuwa karani wa mahakama, mzee. Kubishana ndiko alikonifundisha kwanza."

Alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila hiari, na akakasirika kwa kucheka. "Andika mimi," alisema tena. "Nakijwa, msindikize mgeni."

*

Kabla ya Sajili kulikuwa na nywila. Kila kijiji kilipewa ya kwake, siri ya mgawa maji peke yake, na katika vijiji vyote nilivyokagua nilizikuta zimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa ofisi. Maji yaliibwa kwa jina la mtu yeyote. Alama za vidole tulizijaribu kwa miezi minne, lakini mkulima aliyeshika jembe miaka thelathini hana alama za kutosha, na zilizobaki hujaa tope. Kwa hiyo nilipima vitu vingine: nguvu ya kubonyeza, upana wa kidole kwenye kioo, muda kati ya mguso na mguso, mapigo ya damu chini ya ngozi. Vinne hivyo kwa pamoja hutengeneza picha ya mkono. Mtu anaweza kuiba nywila ya jirani yake. Hawezi kuiba namna jirani anavyobonyeza.

Watu waliipenda Sajili kwa sababu moja tu, na walinieleza kila nilipopanda mlimani. Walisema mashine haina shemeji wa kumpendelea.

Nilimwomba Nakijwa anioneshe kioo alichokitumia. Kilikuwa juu ya nguzo ya chuma, pembeni ya shamba la tangawizi la baba yake, mita mia sita chini ya ndiva. Bega la mlima lilificha mfereji wote. Kutoka pale huoni maji wala watu.

"Gusa," nilimwambia.

Alificha mikono ndani ya kitenge. "Hapana."

"Basi nieleze tu ulikuwa unambebaje mkono."

Hilo alilijibu, kwa sababu halikuwa na aibu. Mgawa maji wa Kitieni hurithiwa akishafariki. Kumwandikisha mwingine wakati yeye bado anaishi ni kumzika akiwa hai, na hakuna mtoto wa pale anayeweza kufanya hivyo akapokelewa salamu. Mkono wa mzee ulipolala, kijiji kizima kilikubaliana kwamba Nakijwa ambebee. Mwaka wa kwanza alikishika kidole cha baba yake na kukibonyeza kwenye kioo. Baadaye kidole kikawa kigumu, naye akaweka chake chini, cha mzee kikakaa juu yake. Baadaye miguu ya mzee ikakataa kushuka shambani.

"Siku moja nikagusa peke yangu, nione kitasema nini," alisema. "Kikakubali. Nikajua mashine imeelewa. Kwamba imeona jinsi tunavyoishi, ikaniruhusu."

"Haikuelewa chochote. Ulikuwa umeshakuwa yeye."

Alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Palikuwa na fomu ya wakala," nilisema. "Ungejaza jina lako chini ya la kwake."

"Mhandisi, fomu ile ina sehemu inayouliza: sababu ya mwenye zamu kutojiweza. Ungeijaza wewe, ya baba yako? Halafu ibandikwe ofisini watu wasome?"

Fomu hiyo niliiandika mimi pia. Katika miaka kumi na moja ilijazwa na watu sita.

Nilimuuliza swali lililobaki. "Jumamosi, kila aliyegusa kioo alioneshwa onyo kwamba mferejini kuna watu. Lipo kwenye kumbukumbu. Lilioneshwa mara mia mbili na nne."

"Nimesikia wakisema."

"Na wewe?"

Chini yetu majani ya tangawizi yalikuwa yameanza kuwa ya njano kwenye ncha.

"Msaragambo ulikuwa wa Alhamisi," alisema. "Ukaja msiba, ukahamishwa. Mimi sikuambiwa umehamishiwa lini. Nikaja hapa Jumamosi, nikaona majani yananyauka, nikasema nifungue dakika kumi. Onyo, mhandisi? Mimi sikuoneshwa kitu. Kilikuwa kioo cheupe na lango likafunguka." Akajifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Kirango alinijengea jiko. Alikataa nimlipe."

Sikuhitaji kumuuliza zaidi. Nilijua kwa nini kioo kilikuwa cheupe. Katika mwaka wa tatu wa Sajili, mafuriko yalikuta lango limefungwa na Sajili ikamkatalia mgawa maji kulifungua, kwa sababu ratiba ilisema lifungwe. Nikaongeza kanuni: mgawa maji haoneshwi onyo na hazuiliwi, kwa kuwa yeye ndiye anayeamuru lango lifungwe, na hawezi kutojua. Ilikuwa kanuni sahihi kwa Mzee Elinami. Sajili ilimtambua Nakijwa kuwa ndiye, ikamheshimu kwa kiwango hicho hicho, na ikamficha sentensi moja ambayo mtoto wa shule angeoneshwa.

*

Ofisi ya kijiji ilikuwa na meza, kiti na mtandao mzuri. Nilifungua kumbukumbu za siku ya kwanza, zile zisizobadilishwa, nikaweka picha ya mkono wa Elinami Mgonja wa wakati ule kando ya picha ya Jumamosi. Hakikufanana hata kipimo kimoja kati ya vinne. Ilikuwa mikono ya watu wawili.

Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa programu, nami nilikumbuka siku niliyouandika. Mikono ya watu hubadilika. Wazee huanza kutetemeka, wakulima huota sugu, mtu huvunjika kidole. Sikutaka Sajili imfungie nje bibi yeyote kwa kosa la kuzeeka. Kwa hiyo kila ilipomtambua mtu, picha yake iliyohifadhiwa ilisogea asilimia mbili kuelekea mguso wa siku hiyo. Asilimia mbili ni kidogo. Lakini baada ya miguso thelathini na mitano, nusu ya mkono wa mwanzo imeshaondoka. Baada ya miguso mia mbili ishirini na minane inabaki asilimia moja. Kwa miguso miwili kwa siku, hiyo ni kazi ya siku mia moja na kumi na nne. Nakijwa alimbebea baba yake mkono kwa miaka saba. Sajili ilimfuata polepole, mguso kwa mguso, na kila siku ilithibitisha kwamba mtu wa leo ni yule wa jana.

Uhakika wa asilimia tisini na tisa nukta tisa saba ulikuwa wa kweli. Jina tu ndilo lililokuwa la mtu mwingine.

Nilipima na wengine. Ilichukua dakika arobaini kupitia picha zote elfu kumi na moja na mia nne. Mia tisa arobaini na moja zilikuwa zimehama kabisa kutoka kwa wenye nazo. Katika kesi mia tatu na kumi na mbili zilizoamuliwa kwa ushahidi wa Sajili, ishirini na saba zilihusu mikono hiyo. Mtu mmoja alikuwa bado gerezani.

Nilimpigia Bwana Mbazi. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

"Sikiliza, Koku. Baraza litakuuliza swali moja: je, Sajili ilimtambua Elinami Mgonja? Jibu lake ni nini?"

"Ndiyo."

"Ni uongo?"

"Si uongo."

"Basi jibu swali uliloulizwa, halafu teremka. Ile asilimia mbili tutaiondoa kimyakimya, wiki ijayo, mlima mzima. Unakumbuka miaka ya chaki? Vijiji vya juu na vya chini vilikuwa vinapigana mapanga. Kwa miaka kumi na moja hawajapigana, kwa sababu wanaamini kile kioo. Ukigusa hili umegusa yote."

"Kuna mtu gerezani."

"Mmoja. Huko nyuma tulikuwa tunazika wanne kila kiangazi. Wewe ni mtu wa hesabu. Piga hesabu."

Nilizipiga, kwa sababu alikuwa na haki ya kujibiwa kwa hesabu. Hoja yake ilisimama kwa sharti moja tu: kwamba kioo kingeendelea kuaminiwa. Lakini picha mia tisa arobaini na moja zilikuwa zinatembea mlimani, na watu sitini na watatu kati yao walikuwa wagawa maji. Sitini na watatu wasiooneshwa onyo. Kuiondoa asilimia mbili kimyakimya wiki ijayo kulimaanisha siku saba za malango kufunguliwa na watu ambao Sajili imewaficha jambo.

"Leo jioni nazima kinga ya wagawa maji," nilimwambia. "Kila mtu aoneshwe onyo. Hilo halihitaji ruhusa yako. Alhamisi nitasema yote."

"Utasema mbele ya mjane wa Kirango kwamba tulijua?"

"Hatukujua. Nitasema kwamba tulipaswa kujua."

Alikata simu.

Nilipotoka, Mzee Elinami alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa ametembea peke yake, na kwa miguu yake ilikuwa safari ya saa nzima.

"Umeshapata," alisema.

"Nimeshapata, mzee."

"Mimi nina miaka themanini na mmoja. Hata wakinifunga, watafunga nini? Yeye ana watoto watatu." Alipumua. "Na si uongo unavyodhani. Mwalimu Kiondo wa Baraza la Maji alipohamisha msaragambo aliniambia mimi, kwa mdomo wake, nikiwa nimekaa pale barazani. Kumwambia Nakijwa ilikuwa kazi yangu. Nikasahau. Sasa niambie, mwenye kosa ni nani?"

"Ukikubali kwamba ulifungua wewe, Kanuni ya Kumi na Mbili inasema ulijua. Nyumba yako inakatwa zamu. Watoto hao watatu watakunywa nini?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Alitazama fimbo yake.

"Na ukisema ni yeye?"

"Sisemi ni yeye wala si yeye. Nitaonesha kilichotokea, chote, kwa mpangilio wake."

"Wewe hujui kuwaonea watu huruma, mwanangu."

"Huruma niliijaribu, mzee. Ndiyo ile asilimia mbili." Hakunielewa, na sikumweleza. Nilimpandisha kwenye gari nikamrudisha kwake.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi ukumbi wa kijiji ulikuwa umejaa hadi madirishani. Mwalimu Hosea Kiondo, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa Baraza la Maji, alikaa mbele. Mama Tumsifu, mjane wa Kirango, alikaa safu ya kwanza na kanga nyeusi. Mzee Elinami alikaa upande wa kulia peke yake. Nakijwa alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango.

"Mhandisi," Mwalimu Kiondo alianza, "tunalo swali moja. Je, Sajili ilimtambua Elinami Mgonja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Na ilikosea."

Kelele zikapanda. "Wameshamnunua!" mtu mmoja alipiga ukelele dirishani. Mama Tumsifu alisimama.

"Mkono wake, jina lake," alisema. "Mlituambia mashine haina shemeji. Leo huyu mzee ana mhandisi badala ya shemeji?"

"Usiniamini mimi, mama. Njoo uguse."

Nilikuwa nimeweka kioo cha ukumbi juu ya meza na kuelekeza maandishi yake ukutani, yasomwe na kila mtu. Mama Tumsifu akaja na kugusa. Ukutani pakaandikwa: Habari, Mama Tumsifu. Zamu yako leo ni saa nane mchana. Mwalimu Kiondo naye akagusa. Shikamoo, Mwalimu Kiondo.

"Kinafanya kazi?" niliuliza.

"Kinafanya," alisema mwalimu.

"Mzee Elinami, tafadhali."

Alisimama na fimbo yake. Kabla hajafika mezani alisema kwa sauti iliyofika madirishani, "Sina haja ya kugusa. Nilifungua mimi."

"Gusa hivyo hivyo, mzee."

Aliweka mkono wa kulia. Vidole havikunyooka, kwa hiyo alibonyeza kwa vifundo. Ukuta ukaandika: Karibu, mgeni. Sajili haikufahamu. Tafadhali jitambulishe. Alibonyeza tena, kwa nguvu, mpaka meza ikasogea. Karibu, mgeni. Akajaribu wa kushoto.

"Mzee amekuwa mgeni kwake!" kijana mmoja alisema nyuma, na wachache wakacheka, kisha wakaacha. Mzee Elinami alikuwa bado ameinama juu ya kioo. Alikuwa mgawa maji wa Kitieni kwa miaka arobaini, na ukutani paliandikwa mara tatu kwamba hafahamiki.

Nilikuwa nimejiandaa kumwita Nakijwa. Sikulazimika. Watu walikuwa wanampisha njia, na alikuwa anakuja mbele kwa hatua za kawaida, kama anayeenda kisimani. Alipofika mezani alimshika baba yake kiwiko, akamsogeza pembeni taratibu, akaweka vidole vyake viwili vilivyonyooka.

Shikamoo, Mzee Elinami. Malango yote yako tayari.

Mama Tumsifu ndiye aliyesema kwanza, na hakuwa anaongea na mimi.

"Ni wewe, Kijwa?"

"Ni mimi."

"Siku tano umekuja kukaa na mimi matangani. Umenikandia unga. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Niliogopa." Alikuwa analia lakini sauti yake haikukatika. "Sikujua kama wako mferejini. Hilo sikujua, naapa. Lakini kwamba ni mimi nilijua tangu saa nne na nusu."

Mwalimu Kiondo aligonga meza ingawa hapakuwa na kelele. "Mhandisi. Kwa lugha nyepesi. Nani alifungua lango?"

"Nakijwa aligusa," nilisema. "Sajili ikamdhania ni baba yake, na kwa kumdhania hivyo ikamnyima onyo ambalo ninyi nyote mlioneshwa. Sehemu hiyo niliitengeneza mimi. Msaragambo ulihamishwa kwa mdomo na mzee hakumfikishia habari. Andikeni yote matatu. Moja likikosekana, mengine hayaelezi kifo cha Kirango. Na andikeni hili: picha mia tisa arobaini na moja zimehama hivi hivi, na nimeipelekea mahakama orodha ya kesi ishirini na saba zilizoamuliwa kwa picha hizo."

"Kwa hiyo tusiiamini Sajili?"

"Kuhusu maji, iaminini. Kuhusu nani ni nani, ulizaneni, mpaka nitakapowaandikisha upya mmoja mmoja. Nazima utambuzi mlima mzima sasa hivi. Kuanzia leo kioo kitauliza jina."

"Mapanga yatarudi," alisema mtu dirishani.

"Basi kaeni langoni mkitazamana," Mama Tumsifu akamjibu bila kugeuka. "Kirango alikuwa mferejini wanaume kumi na wanane wakimwona. Hakuna hata mmoja aliyekuwa langoni."

Mwalimu Kiondo alinong'ona na wajumbe wake kwa muda mrefu. Kisha akasoma. Kanuni ya Kumi na Mbili ni kwa anayefungua akijua, na haijathibitika kwamba Nakijwa alijua. Zamu ya nyumba ya Mgonja inabaki. Kifo cha Kirango kinapelekwa polisi wilayani kama kesi ya uzembe, na maelezo ya mhandisi juu ya Sajili yanapelekwa katika jalada hilo hilo. Mama Tumsifu alisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kumwangalia mtu.

Maelezo ya shahidi husainiwa kwenye kioo. Utambuzi ulikuwa umeshazimwa. Nakijwa alipogusa, ukuta ulibaki na maneno matatu ambayo Kitieni haikuwahi kuyaona: Wewe ni nani? Na chini yake, nafasi tupu.

Alisita, vidole hewani. Alimtazama baba yake. Watu wote walimtazama mzee, maana wote walijua ni nini kinachoombwa: jina la mwingine, mzee akiwa bado hai.

Mzee Elinami alikuwa ameketi, mkono wake wa kulia mapajani.

"Andika lako," alisema.

Aliandika herufi moja moja, kwa kidole kimoja, kama mtu asiyezoea: Nakijwa Elinami Mgonja. Sajili ilitafuta kwenye orodha yote ya mlima, haikukuta jina hilo, ikamfungulia ukurasa mpya.